Namna ya Kuusoma Urithi wa Waviking na Wanormani katika Visiwa vya Channel

Mfugaji wa Kenya au Tanzania anayemtaja ng'ombe wake wa Jersey au wa Guernsey hutamka kila siku majina yaliyoachwa na mabaharia wa Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ng'ombe hao waliitwa kwa majina ya visiwa walikotoka, na visiwa vyenyewe vimo katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, jirani kabisa na pwani ya Ufaransa, kiasi kwamba siku ya anga safi mtu aliyesimama mashariki mwa Jersey huiona nchi kavu ya Normandie kwa macho yake. Jersey ndicho kikubwa, chenye kilomita za mraba 120 hivi. Guernsey ni kama nusu yake. Kisha kuna Alderney, Sark, Herm na vingine vidogo, pamoja na miamba mingi inayozama na kuibuka kwa mwendo wa maji kujaa na kupwa. Vyote viko chini ya Taji la Uingereza bila kuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano, na asili ya hali hiyo ndiyo habari ya mwongozo huu.

Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuufuatilia urithi huo kwa utaratibu, awe mwanafunzi wa historia aliye mbali na mwenye ramani tu, awe msafiri, au awe mmoja wa Wakenya waliopata kazi katika hoteli za Jersey miaka ya karibuni na anayetaka siku zake za mapumziko zimfunze jambo. La kwanza kulishika ni kwamba hapa hakuna mengi ya kufukua. Vitu vya Waviking vilivyopatikana ardhini ni haba, na anayekuja akitarajia merikebu na mapanga kama yale ya makumbusho ya Norwei na Denmark atavunjika moyo. Urithi umehifadhiwa katika majina ya mahali, katika ndimi za wazee, na katika sheria inayotumika mahakamani hadi leo. Kwa hiyo anza na ramani, fuata kwa sikio, kisha nenda mahakamani, na nyaraka uziache mwisho, utakapokuwa tayari unajua unachokiuliza.

Shika tarehe kabla ya kushika njia

Usianze bila kuwa na tarehe chache kichwani, kwa sababu makosa mengi katika vitabu vidogo vya watalii hutokana na kuwachanganya Waviking wa karne ya 9 na Wanormani wa karne ya 11 kana kwamba ni watu walewale. Hao wa pili ni uzao wa hao wa kwanza, lakini katikati walikuwa wamebatizwa, wameoa katika nchi waliyoiteka, na wameiacha lugha ya babu zao wakashika ile lugha yenye asili ya Kilatini iliyozungumzwa kaskazini mwa Ufaransa.

Mwaka 911 mfalme wa Wafaranki, watu walioitawala Ufaransa wakati ule, alimpa kiongozi wa Waviking aitwaye Rollo ardhi iliyouzunguka mji wa Rouen, kwenye bonde la chini la mto Seine, ili aache kuteka nyara na badala yake awazuie wengine wasipande mto huo. Visiwa havikuwa sehemu ya zawadi hiyo. Vilihesabiwa upande wa Wabretoni, watu wa Brittany iliyo magharibi mwa Normandie. Ni mwaka 933 ndipo William, mwana wa Rollo, aliyeitwa kwa lakabu ya Upanga Mrefu, alipoongezewa rasi ya Cotentin na visiwa vilivyo mbele yake. Kwa maana hiyo visiwa vilikuwa vya Normandie miaka 133 kabla ya William mwingine, Dyuki (yaani mtawala) wa Normandie, kuvuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa Uingereza. Wenyeji wa visiwani hupenda kukumbusha kwamba katika vita ile wao walikuwa upande wa washindi, na kwa hesabu ya tarehe wana haki ya kusema hivyo.

Mwaka 1204 Philippe Auguste, mfalme wa Ufaransa, alimnyang'anya Mfalme John wa Uingereza nchi yote ya Normandie ya bara. Visiwa vikabaki mikononi mwa John, na kuanzia hapo vikawa kipande cha Normandie kisicho na Normandie. Mwaka 1259, kwa mkataba wa Paris, Henry III aliliacha rasmi dai lake juu ya Normandie ya bara pamoja na cheo cha Dyuki, lakini visiwa akaendelea kuvishika. Kwa hiyo ukihudhuria karamu huko ukawasikia watu wakiinua glasi kwa ajili ya “Mfalme, Dyuki wetu”, fahamu kwamba wanaitunza mila inayopendwa, si cheo kinachotambuliwa kisheria. Kilichodumu kisheria ni kitu kingine chenye uzito zaidi, yaani sheria ya mila ya Normandie na mahakama zake, na hapo tutafika.

Isome ramani

Tafuta ramani ya kina, na ukiweza pata ile ya mabaharia, kwa maana majina ya kale zaidi hayapo mitaani bali kwenye rasi, miamba na visiwa vidogo. Sababu yake inaeleweka: mtu anayefika kwa chombo huyapa majina kwanza yale yanayomwongoza au yanayoweza kumvunjia chombo. Weka alama kwa rangi moja kwenye majina yenye asili ya Kinorsi, yaani lugha ya kale ya Skandinavia, na kwa rangi nyingine yale yenye umbo la Kinormani au Kifaransa, kisha utazame jinsi rangi ya kwanza inavyojikusanya ufukweni.

Anza na mwisho wa majina. Herufi -ey katika Jersey, Guernsey na Alderney ni neno la Kinorsi la kisiwa. Sehemu za mwanzo za majina hayo bado zinabishaniwa na wataalamu. Wako wanaoona katika Jersey jina la mtu na wako wanaoona neno la kawaida, na anayekupa jibu moja kwa uhakika mkubwa hupaswi kumfuata upesi. Mwisho -hou, ulio katika Jethou, Lihou, Brecqhou, Burhou na Écréhous, wengi huurejesha kwenye neno *holmr*, yaani kisiwa kidogo. Ukivuka kwa macho hadi upande wa pili wa bahari, kwenye pwani ya rasi ya Cotentin, utakikuta kisiwa cha Tatihou, na mbele yake mji wa Saint-Vaast-la-Hougue. Ni mabaharia walewale, na waliyapa majina maeneo ya pande zote mbili kwa mtindo mmoja.

Kisha tafuta maneno yanayosimama peke yake. *Étac* au *Étacq*, kutoka *stakkr*, ni mwamba uliosimama wima kama rundo. Upo L'Étacq magharibi mwa Jersey, na ipo Les Étacs karibu na Alderney, ambako maelfu ya ndege weupe wa baharini hutaga kila mwaka mpaka mwamba ukaonekana umepakwa chokaa. *Mielle*, kutoka *melr*, ni vilima vya mchanga vya ufukweni. Les Mielles ndilo jina la eneo la mchanga lililo kwenye ghuba ya St Ouen huko Jersey. *Houmet* ni kisiwa kidogo zaidi, mara nyingi kile kinachoungana na nchi kavu maji yanapokupwa. *Nez* ni rasi, kutoka *nes*, na hapa pana mtego: kwa Kifaransa cha leo neno hilohilo ni pua, kwa hiyo wageni wengi wa Kifaransa husimama kwenye magofu ya ngome ya Grosnez, kaskazini magharibi mwa Jersey, wakidhani mahali hapo pameitwa Pua Kubwa.

Mtego ulio mkubwa zaidi uko La Hougue Bie, na ningependa kila anayefika Jersey apatembelee mahali hapo, kwa kuwa panafundisha tahadhari ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha vizuri zaidi. *Hougue* ni *haugr*, yaani kilima au kichuguu kikubwa, mara nyingi cha kaburi. Mgeni anayelijua neno hilo huharakisha kusema kwamba pale amezikwa Mviking. Lakini kilima kile, chenye kimo cha mita 12 hivi, kilijengwa na wakulima wa Zama za Mawe zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na njia yake ya ndani ilifunguliwa na wachimbaji wa Société Jersiaise, chama cha wasomi wa kisiwa, mwaka 1924. Ukiingia itakubidi uiname, maana mawe ya dari yako chini, na utatembea umejikunja hivyo hadi ufike kwenye chumba kirefu cha kati ambamo unaweza kunyooka tena. Siku za mwaka ambazo usiku na mchana hulingana, jua la asubuhi hupenya katika njia ile hadi ndani kabisa. Juu ya kilima, Wakristo wa zama za kati walijenga kanisa dogo. Watu wenye asili ya kaskazini walikikuta kilima, wakakiita kwa neno lao, wakapita; jina ni lao, kaburi si lao. Kanuni ya kuchukua hapo ni kwamba jina hukuonyesha nani alipaita mahali, na halikuonyeshi nani alipajenga.

Ukitaka mahali ambapo jina la Kinorsi na jengo la Kinormani vimekutana kweli, nenda Lihou, kisiwa kidogo kilicho magharibi mwa Guernsey. Yako magofu ya nyumba ya watawa iliyokuwa chini ya abasia ya Mont-Saint-Michel, ile iliyo kwenye mwamba wa baharini upande wa Ufaransa, ambayo ilimiliki ardhi nyingi Guernsey tangu siku za madyuki. Unavuka kwa miguu juu ya njia ya mawe, lakini ni kwa siku na saa maalumu tu, hasa wakati wa bamvua, na lazima uangalie jedwali linalotolewa na serikali ya Guernsey kabla hujatoka. Nasisitiza hili kwa msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa anayejiona mzoefu wa maji: tofauti uliyoizoea kati ya kupwa na kujaa ni mita tatu au nne, na huko Jersey wakati wa bamvua hufika mita 12. Maji yanaporudi hurudi kwa kasi na hupitia nyuma yako, yakijaza mikondo iliyo kati ya miamba kabla hayajakufikia ulipo.

Tega sikio

Kinormani cha visiwani kiko katika sura tatu zilizo hai: Jèrriais cha Jersey, Guernésiais cha Guernsey na Sercquiais cha Sark. Ya nne, ya Alderney, ilikufa katika karne ya 20. Usiziite Kifaransa kibovu, kama walivyofundishwa kuziita watoto wengi wa visiwani walioadhibiwa au kuchekwa shuleni kwa kuzisema; ni lahaja za Kinormani, ndugu wa Kifaransa na wala si watoto wake, na zimebeba vitu ambavyo Kifaransa cha Paris hakijawahi kuwa navyo.

Hata usiyejua Kifaransa unaweza kuzitambua kwa sauti. Pale ambapo Kifaransa kina sauti ya *sh*, iliyoandikwa *ch*, Kinormani cha visiwani mara nyingi kina *k*. Ng'ombe, ambaye kwa Kifaransa ni *vache*, Jersey ni *vaque*. Paka, ambaye ni *chat*, huko ni *cat*. Ngome, ambayo ni *château*, huko ni *câtel*, na ndilo jina la parokia mojawapo ya Guernsey. Hata jina la ukoo la Le Quesne, lililo la kawaida Jersey, ni mti wa mwaloni ambao Mparisi angeuita *chêne*. Alama nyingine, ya Jersey hasa, ni *r* iliyo kati ya irabu kugeuka kuwa *th* kama ya neno *dhahabu*, hivi kwamba mama ni *méthe* na kaka ni *fréthe*. Ukizishika alama hizo mbili tu, utaanza kuzisikia hata katika majina ya nyumba na vichochoro.

Maneno ya Kinorsi yenyewe yamebaki machache, na ukiyataka uyafuate ufukweni kuliko shambani. Jersey shakwe ni *mauve*, kutoka wingi wa neno *már*. Samaki bapa wa mchangani ni *fliondre*. Wavu wa kukokota ni *dranet*. Mwani nao una jina lake la Kinormani, *vraic*, nalo limeingia hata katika Kiingereza cha visiwani, kwa kuwa wakulima waliukusanya kwa mikokoteni baada ya dhoruba na kuutandaza mashambani kama mbolea, chini ya kanuni zilizoweka nani avune na wakati gani.

Pa kuzisikia leo ni pachache, na ni vyema ujue sababu. Mwezi Juni 1940, kabla jeshi la Ujerumani halijavikalia visiwa, watoto wengi wa Guernsey walihamishiwa Uingereza, na karibu wakazi wote wa Alderney wakaondoka. Waliporejea mwaka 1945 watoto walikuwa na miaka mitano ya Kiingereza kinywani, na Alderney lugha haikusimama tena. Jersey hali ni afadhali kidogo. Liko L'Office du Jèrriais, linalofundisha lugha mashuleni na kwa watu wazima, na mwaka 2019 bunge la kisiwa liliitambua Jèrriais kuwa lugha rasmi. Ukipata noti ya pauni ya Jersey ya toleo la mwaka 2010, igeuze nyuma, utaona thamani yake imeandikwa pia kwa Jèrriais. Ukitaka kusikia sauti yenyewe, uliza L'Office kuhusu mikutano ya mazungumzo, uende, uketi na kusikiliza. Mzee anayeona kijana wa mbali anajali lugha yake huongea kwa furaha, nawe unatimiza heshima iliyomstahili tangu zamani.

Nenda mahakamani

Hapa ndipo urithi ulipo na nguvu zaidi, na hapa ndipo watalii hawafiki. Jersey na Guernsey kila kimoja kina Mahakama ya Kifalme, inayoongozwa na hakimu mkuu mwenye cheo cha Bailiff akiketi pamoja na wazee wa baraza waitwao Jurats, ambao Jersey ni 12. Wazee hao si lazima wawe wanasheria; kazi yao ni kuamua mambo ya ukweli wa kesi, kama wazee wa baraza wanavyojulikana kwetu. Sheria wanayoitumia, hasa katika ardhi na mirathi, ina mizizi katika mila ya Normandie iliyoandikwa katika karne ya 13, na ndiyo sababu anayetaka kuwa wakili wa Guernsey hutakiwa mpaka leo kwenda kusoma kwa miezi kadhaa katika Chuo Kikuu cha Caen, upande wa pili wa bahari.

Kitu rahisi cha kushuhudia ni uuzaji wa nyumba na ardhi Jersey. Siku ya Ijumaa alasiri wahusika au mawakala wao hufika mbele ya mahakama, husimama, huinua mkono na kuapa kuutimiza mkataba, na hapo ndipo mali inapohama rasmi. Hadi mwaka 2006 mikataba hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Baraza ni la wazi kwa watu. Vaa kwa heshima, nyamaza, na ulizia ratiba ya wiki kabla ya kwenda.

Jambo maarufu zaidi, ambalo huenda usibahatike kuliona kwa kuwa hutokea mara chache, ni *Clameur de Haro*. Ni kilio cha kisheria cha mtu ambaye haki yake juu ya ardhi inavunjwa papo hapo: jirani anabomoa ukuta wake, au mafundi wanachimba njia yake. Mwenye kulalamika hupiga magoti mahali pale pale, kichwa wazi, mbele ya mashahidi wawili na mbele ya anayemdhulumu, na kwa sauti hutamka: *Haro! Haro! Haro! À l'aide, mon Prince, on me fait tort!* Yaani: Haro, mara tatu, nisaidie ewe mtawala wangu, ninadhulumiwa. Guernsey hufuatisha sala ya Baba Yetu kwa Kifaransa, na kilio lazima kiandikishwe katika ofisi ya mahakama ndani ya saa 24. Baada ya maneno hayo kazi hulazimika kusimama hadi mahakama iamue. Anayeendelea hutiwa hatiani, na aliyelia bila haki naye hutozwa faini, jambo linalowazuia watu kulia ovyo.

Wengi watakuambia kwamba *Haro* ni jina la Rollo, kwamba watu walikuwa wakimlilia Dyuki wao wa kwanza. Ni simulizi nzuri, lakini wataalamu wa lugha hawaikubali. Yaelekea zaidi kuwa ni neno la kale la kuomba msaada. Vivyo hivyo husimuliwa kwamba William aliyeitwaa Uingereza, alipokuwa akizikwa Caen mwaka 1087, alizuiwa kaburini na mtu aitwaye Asselin, aliyedai kwamba ardhi ile ilinyang'anywa baba yake, na mazishi hayakuendelea mpaka alipolipwa. Simulizi za visiwani huliunganisha tukio hilo na *Clameur*. Lipokee kama kielelezo cha wazo lenyewe, kwamba haki ya mnyonge juu ya kipande chake cha ardhi yaweza kumsimamisha hata mfalme aliye ndani ya jeneza, na uandike katika daftari lako ni nani aliyekusimulia.

Mirathi nayo inafaa kuchunguzwa. Jersey mtu hana uhuru kamili wa kuusia mali yake inayohamishika: mwenzi aliyebaki ana fungu lake la theluthi, watoto wana theluthi yao, na theluthi iliyosalia ndiyo ya kuusia atakavyo. Msomaji anayeijua mirathi ya Kiislamu atalielewa wazo hilo haraka kuliko Mwingereza wa London. Guernsey waliiacha kanuni ya namna hiyo katika mageuzi ya sheria ya mwaka 2011.

Sark hupaswi kukiruka. Mwaka 1565 Malkia Elizabeth I alimpa Helier de Carteret wa Jersey kisiwa hicho kilichokuwa kitupu, kwa sharti la kuwaweka watu 40 wa kukilinda. Akakigawa katika mashamba 40, na wengi wa waliokuja walitoka Jersey, ndiyo maana lahaja ya Sark ni binti wa ile ya Jersey. Bunge lake, Chief Pleas, lilikuwa na viti vya wenye mashamba kwa haki ya ardhi yao hadi uchaguzi wa mwaka 2008. Magari hayaruhusiwi, kwa hiyo utatembea au utaendesha baiskeli, na mipaka ya mashamba yale utaiona kwa mwendo wa mguu. Jersey kwenyewe mabwana wa ardhi wa kale bado wana wajibu wa heshima: Mfalme anapozuru kisiwa, yule wa Trinity humpa mabata wawili.

Nyaraka, na mfano wa Écréhous

Ukifika hapa unaweza kuingia maktaba ukijua unatafuta nini. Jersey kuna hifadhi ya nyaraka huko St Helier pamoja na maktaba ya Société Jersiaise, chama kilichoanzishwa mwaka 1873. Guernsey kuna maktaba ya Priaulx na ofisi ya mahakama iitwayo Greffe. Jifunze Kifaransa cha kusomea angalau, kwa sababu karibu kila kitu cha kisheria hadi karne ya 20 kimeandikwa kwa lugha hiyo. Daftari la ardhi la Jersey linaanzia mwaka 1602, na orodha za kodi za mfalme za mwaka 1274 na 1331 zinakupa majina ya watu na mashamba yao. Humo utakuta majina ya kaskazini yaliyovaa nguo za Kifaransa; Anquetil, kwa mfano, ni Ásketill. Usimwambie mwenye jina hilo kwamba ana damu ya Waviking. Majina ya ubatizo huigwa, na visiwa vilipokea Wahugenoti (Waprotestanti waliokimbia Ufaransa), vibarua wa Kibretoni, Waingereza na, karne ya 20, Wareno wa Madeira.

Ili ujifunze jinsi ya kupima hati, soma kesi ya miamba ya Écréhous, iliyo kati ya Jersey na Ufaransa, na ile ya Minquiers, iliyo kusini. Nchi mbili ziligombea miamba hiyo, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa hukumu tarehe 17 Novemba 1953. Kila upande ulileta hati za zama za kati. Kulikuwa na hati ya mwaka 1203 ambayo kwayo Piers des Préaux, aliyevishika visiwa kwa niaba ya Mfalme John, aliitoa Écréhous kwa abasia ya Val-Richer ya Normandie ili lijengwe kanisa. Ufaransa iliona humo ushahidi wake, na Uingereza ikaona wake. Majaji walisema kwamba jambo la kuamua si makisio yanayovutwa kutoka mambo ya zama za kati, bali ni ushahidi wa moja kwa moja wa nani amekuwa akipatawala mahali hapo. Kisha wakatazama mambo madogo: mahakama ya Jersey kuchunguza maiti zilizookotwa kwenye miamba, parokia ya St Martin kutoza kodi vibanda vya wavuvi, mikataba ya kuuziana vibanda hivyo kupitishwa mbele ya Mahakama ya Kifalme kama nyingine zote. Hukumu ikaipa Uingereza, na kupitia kwake Jersey, miamba yote.

Kwa hiyo unapofungua sanduku la nyaraka za karne ya 17 au ya 18, usiziruke karatasi za kodi ya kibanda, faini ya kuvuna mwani nje ya wakati, au ugomvi wa mpaka wa shamba. Nakili jina la mahali kama lilivyoandikwa, pamoja na tarehe, kisha ulirudishe kwenye ramani yako ya rangi mbili na uone limekaa wapi.